Mgonjwa wa Saratani Asifungiwe Kitandani

Mgonjwa akianza kutundikiwa dripu za saratani, nyumba nzima humpokonya ufagio na ndoo. Huletewa uji kitandani, akaambiwa alale. Upendo huo ni wa kweli, lakini unamdhoofisha. Misuli isiyotumika hupungua upesi, pumzi hukatika, mwisho hata kwenda msalani kunamchosha; naye akionekana amechoka, anazidi kulazwa. Uchovu wa tiba hauishi kwa usingizi kama uchovu wa shamba. Ndiyo maana mwaka 2022 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kilitaka mazoezi yapendekezwe kwa wagonjwa walio katikati ya matibabu ya kuponya, kwa kuwa hupunguza uchovu, wasiwasi na sonona. Kipimo walichokubaliana wataalamu mwaka 2019 hakihitaji mwanariadha: nusu saa ya mwendo wa wastani, mara tatu kwa wiki. Aliyedhoofu aanze na dakika tano.

Wapo wenye hofu, na wana sababu. Wanawake waliotolewa tezi za kwapani wakati wa upasuaji wa titi walikatazwa kwa miaka mingi kunyanyua vitu vizito, mkono usije ukavimba. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikwisha kuvimba. Walionyanyua vyuma chini ya usimamizi, wakiongeza uzito kidogo kidogo, hawakuvimba kuliko wenzao; dalili zao zilipungua. Siri imo katika huo “kidogo kidogo”, na hapo ndipo ninapotofautiana na anayesema kwamba mama wa kijijini, mwenye kuteka maji na kulima, hana haja ya mazoezi. Ndoo ya lita 20 haimsubiri azoee, wala haijui kwamba jana alitoka hospitali. Kazi hufuata haja ya nyumba. Zoezi hufuata mwili.

Na mwili huu una mipaka yake. Mfupa ulioingiwa na saratani huweza kuvunjika kwa mzigo mdogo tu, na baadhi ya dawa, doxorubicin mojawapo, huweza kudhuru moyo. Nyingine hutia nyayo ganzi, na asiyeisikia ardhi huanguka. Kwa hiyo daktari aulizwe kwanza, hasa damu inapokuwa imepungua. Ndugu na wabaki na ufagio, lakini jua likipoa wamshike mgonjwa mkono, watembee naye hadi kwa jirani na kurudi. Siku akipata homa, safari iwe ya hospitali, saa ile ile.