Kigawo, kigawe na mtajo usiogawanyika

Kigawo na kigawe hutofautiana kwa irabu moja tu, lakini irabu hiyo hugeuza maana. Yote mawili yametokana na kitenzi -gawa. Kiishio -e hutaja kinachotendwa, kama katika kiumbe (kilichoumbwa) na mteule (aliyeteuliwa). Kiishio -o hapa hutaja kinachotumika kutenda, kama katika kifuniko. Kwa hiyo 3 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 3. Mfasiri wa mtihani akiandika “tafuta vigawe vya x² + 5x + 6”, amempa mtahiniwa kazi nyingine kabisa: vigawe vya mtajo huo havina mwisho, ilhali vigawo vinavyotakiwa ni viwili.

Vigawo hivyo hupatikana kwa kutafuta namba mbili ambazo zao lake ni 6 na jumla yake ni 5, yaani 2 na 3. Basi x² + 5x + 6 = (x + 2)(x + 3). Pale x² inapotanguliwa na namba isiyo 1, namba ya kwanza huzidishwa kwa ya mwisho. Katika 6x² + 7x + 2 zao ni 12 na jumla ni 7; namba ni 3 na 4, nacho kipande cha kati hutenganishwa: 6x² + 3x + 4x + 2 = 3x(2x + 1) + 2(2x + 1) = (2x + 1)(3x + 2).

Ugumu wa lugha huanza pale namba zinapokosekana. Katika x² + 5x + 3, jozi zenye zao la 3 ni 1 na 3, au −1 na −3. Jumla zake ni 4 na −4, wala si 5. Mara nyingi huandikwa kwamba mtajo kama huu “haugawanyiki”. Kauli ya kutendeka humficha mtenda, na hapa anayefichwa ndiye mwenye uzito: haugawanyiki kwa namba zipi? Kwa namba kamili, ni kweli. Kwa namba halisi, si kweli, maana vigawo vipo, ila vimebeba kipeuo cha pili cha 13 (kipeuo, si kipeo: kipeo cha pili cha 13 ni 169).

Namba hiyo 13 haikuokotwa. Kwa mtajo ax² + bx + c wenye namba kamili, hukokotolewa b² − 4ac. Hapa ni 25 − 12. Jibu likiwa namba mraba, kama 0, 1, 4 au 9, mtajo hugawanyika kwa namba kamili. Likiwa chanya lisilo mraba, vigawo huhitaji kipeuo. Likiwa hasi, hata namba halisi hazitoshi: x² + x + 1 hutoa −3, na x² + 4 hutoa −16. Huu wa mwisho huwaponza wanafunzi wengi, wakaandika (x + 2)(x + 2), ambayo kwa hakika ni x² + 4x + 4.

Kwa mfano wa namba tasa, “mtajo tasa katika namba kamili” ni kauli fupi na sahihi zaidi kuliko “hauna vigawo”. Hata hivyo haifai kwa 2x² + 10x + 6. Kipimo chake ni 52, si mraba, lakini 2 ni kigawo cha shirika cha vipande vyote vitatu: 2(x² + 5x + 3). Kilicho tasa ni kile kilichobaki ndani ya mabano.