Filamu za mtu-mbwamwitu: kwa nini manyoya ya bandia bado yanawatisha watazamaji?

Mwaka 1935, watengenezaji wa filamu ya Werewolf of London katika studio ya Universal nchini Marekani walihitaji kumgeuza mtu kuwa mnyama mbele ya kamera. Njia waliyoitumia ilikuwa nyepesi. Mwigizaji Henry Hull alitembea akipita nyuma ya safu ya nguzo, na kila alipojitokeza upande wa pili wa nguzo uso wake ulikuwa umeota nywele zaidi. Mtazamaji aliyekuwa akimfuata kwa macho hakutambua kwamba kila nguzo ilificha mahali ambapo picha mbili tofauti ziliunganishwa.

Karibu miaka 90 baadaye, kazi hiyo bado inawasumbua watengenezaji wa filamu. Wale wenye bajeti ndogo wanaendelea kutoa filamu za kutisha kuhusu mtu anayegeuka mbwamwitu, na nyingi kati ya hizo huchekwa. Hata hivyo, watazamaji hawajaziacha, na baadhi ya filamu zilizotengenezwa kwa fedha kidogo zimedumu kuliko zilizogharimu mamilioni. Sababu yake haipatikani sana katika ngozi ya mnyama. Inapatikana kwa mtu aliye ndani ya ngozi hiyo.

Imani iliyoua watu halisi

Mbwamwitu wa filamu hizi si yule mbwa mwitu mwenye mabaka anayeonekana katika mbuga za Afrika Mashariki. Ni mnyama mwingine wa jamii ya mbwa, mkubwa zaidi, anayeishi Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Kwa karne nyingi wafugaji wa Ulaya walimhofia kama wafugaji wa ukanda huu wanavyomhofia fisi au simba, na katika hofu hiyo ikakua imani kwamba wapo binadamu wanaoweza kuvaa umbo lake.

Imani hiyo haikubaki katika masimulizi ya jioni. Mwaka 1589, katika mji wa Bedburg karibu na Cologne nchini Ujerumani, mkulima aliyeitwa Peter Stumpp aliuawa hadharani kwa ukatili mkubwa. Alikuwa amekiri, akiwa chini ya tishio la kuteswa, kwamba alikuwa na mkanda wa kichawi uliomgeuza mbwamwitu. Hakuwa peke yake: mahakama za nchi kadhaa za Ulaya katika zama hizo ziliwahukumu watu kwa tuhuma za namna hiyo.

Wakazi wa ukanda huu wanayo masimulizi yanayokaribiana na hayo. Katika miaka ya 1940, eneo la Singida katika Tanganyika lilitikiswa na mauaji yaliyohusishwa na "watu-simba". Mashariki mwa Kongo, wakati wa utawala wa Wabelgiji, jamii ziliishi kwa hofu ya "watu-chui" waliojulikana kama anioto. Katika visa vyote viwili, waliofikishwa mbele ya mahakama za kikoloni walikuwa binadamu.

Kanuni zilizoenezwa na sinema

Mambo mengi ambayo mtazamaji wa leo huyachukua kuwa mila za kale yalienezwa na sinema. Filamu ya 1935 ilijengwa juu ya kung'atwa na mwezi mpevu. Mwaka 1941, filamu ya The Wolf Man ya studio hiyo hiyo ikaongeza madini ya fedha kuwa silaha pekee ya kumwangamiza mnyama huyo.

Mswada wa The Wolf Man uliandikwa na Curt Siodmak, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani baada ya Wanazi kushika madaraka. Mhusika wake mkuu, Larry Talbot, aliyeigizwa na Lon Chaney mdogo, si mtu mwovu. Anang'atwa alipokuwa akijaribu kumwokoa mwanamke, na tangu hapo anaamka asubuhi bila kujua alichokifanya usiku. Katika hadithi hiyo, alama ya nyota huonekana kwenye kiganja cha mtu atakayeuawa. Wachambuzi wa filamu wamekuwa wakirejea mara kwa mara kwenye alama hiyo, iliyoandikwa na mkimbizi wa Kiyahudi katika mwaka ambao Wayahudi wa Ujerumani walilazimishwa kushona nyota kwenye nguo zao.

Siodmak aliwaachia waliomfuata kielelezo kisichohitaji fedha nyingi. Mtu mwema anapata ugonjwa asioutaka, anajiogopa mwenyewe, na watu wanaompenda ndio walio katika hatari kubwa zaidi.

Kinachowavuta watazamaji

Nguvu ya kielelezo hicho ilionekana mwaka 1957 katika I Was a Teenage Werewolf. Filamu hiyo ya kampuni ndogo ya American International Pictures iligharimu chini ya dola 100,000 na ikaingiza mara nyingi zaidi ya kiasi hicho. Inamhusu mwanafunzi mwenye hasira za haraka, aliyeigizwa na Michael Landon, anayepelekwa kwa daktari ili atulizwe. Badala ya kumponya, daktari huyo anamfanya chombo cha majaribio yake. Kinyago cha mnyama hakikuwa cha ajabu. Hata hivyo, vijana waliojaa katika majumba ya sinema walimfahamu vyema kijana ambaye mwili wake na hasira zake havimtii, na ambaye watu wazima waliopaswa kumsaidia wanamsaliti.

Mwaka 2000, filamu ya Kanada iitwayo Ginger Snaps iliipeleka hoja hiyo mbali zaidi. Ginger, msichana wa sekondari, anashambuliwa na mnyama usiku ule ule anaovunja ungo. Damu, nywele mpya, maumivu na mabadiliko ya tabia vinachukuliwa na wakubwa kuwa mambo ya kawaida ya umri wake, na mdogo wake Brigitte peke yake ndiye anayeelewa kwamba kuna jambo jingine. Mwandishi Karen Walton na mwongozaji John Fawcett hawakuharakisha mabadiliko hayo. Yanachukua wiki kadhaa, na kwa muda mrefu kinachoonekana ni uso wa mwigizaji Katharine Isabelle wenye mabadiliko madogo tu. Mnyama kamili anapotokea mwishoni ndiye sehemu dhaifu zaidi ya filamu, lakini wakati huo mtazamaji amekwishawahurumia ndugu hao wawili kiasi cha kutojali ubora wa manyoya.

Mvuto mwingine ni wa watazamaji wenyewe. Filamu ya bei nafuu huwapa nafasi ya kushiriki. Katika The Beast Must Die, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1974, tajiri mpenda uwindaji aliyeigizwa na Calvin Lockhart, mzaliwa wa Bahamas, anawaalika wageni katika jumba lake akijua kwamba mmoja wao ni mtu-mbwamwitu. Karibu na mwisho, hadithi inasimamishwa kwa sekunde 30, saa inaonyeshwa kwenye skrini, na watazamaji wanaombwa wakisie ni nani.

Kasoro zinazojirudia

Filamu hiyo hiyo inaonyesha kasoro ya kwanza na iliyo kubwa zaidi, yaani kumwonyesha mnyama kupita kiasi. Mnyama wa The Beast Must Die anaonekana wazi kuwa mbwa mkubwa aliyeongezewa manyoya, na kila anapokaa mbele ya kamera hofu inapungua. Mtu-mbwamwitu ana ugumu ambao mzimu hana. Mzimu waweza kuwa mlango unaofunguka wenyewe, lakini mtu-mbwamwitu ana mwili, meno na mwendo, na mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba ameahidiwa kuuona mwili huo.

Kasoro ya pili ni wahusika wasio na maisha. Katika filamu nyingi za aina hii, vijana hufika kwenye nyumba iliyo msituni, majina yao husahaulika kabla ya damu ya kwanza kumwagika, na wasichana huwekwa pale ili wapige mayowe tu. Mtazamaji asiyemjua anayekufa hana cha kuhofia.

Kasoro ya tatu ni maelezo marefu. Mzee wa kijiji, polisi mstaafu au mtunza vitabu husimama kueleza habari za mwezi, laana na risasi za fedha, ingawa watazamaji wanazijua kanuni hizo tangu utotoni. Maneno hayo hujaza dakika ambazo mtengenezaji hakuwa na uwezo wa kuzijaza kwa vitendo.

Ya nne ni kurudia jina kwa ajili ya biashara. The Howling ya Joe Dante, iliyotoka mwaka 1981, ilifuatiwa na filamu saba zenye jina hilo. Wachambuzi wengi wanaziona nyingi kati ya hizo kuwa hafifu, na baadhi hazina uhusiano wowote na hadithi ya mwanzo zaidi ya jina.

Fedha nyingi hazikutosha

Mwaka huo wa 1981 ndio uliobadilisha matarajio ya watazamaji. Katika The Howling, fundi Rob Bottin aliweka vifuko vya hewa chini ya ngozi ya mpira ili uso uvimbe na kutuna mbele ya kamera. Katika An American Werewolf in London ya John Landis, Rick Baker alimgeuza mwigizaji David Naughton ndani ya chumba chenye mwanga wa kutosha, mikono ikirefuka na mifupa ikijipinda bila kiza cha kuficha lolote. Kazi hiyo ilimpa Baker tuzo ya Oscar ya vipodozi, katika mwaka wa kwanza wa tuzo hiyo kutolewa kama tuzo ya kushindaniwa. Tangu hapo kila mtengenezaji mdogo hupimwa kwa kipimo cha Baker, hata kama bajeti yake haifikii sehemu ndogo ya ile ya Landis.

Hata hivyo, fedha peke yake hazikuleta ufanisi. Mwaka 1997, An American Werewolf in Paris iliwategemea wanyama waliochorwa kwa kompyuta, na michoro hiyo ilikosolewa vikali kwa kukosa uzito wa mwili halisi. Mwaka 2010, Universal iliitengeneza upya hadithi ya Larry Talbot kwa zaidi ya dola milioni 100. Baker alipata Oscar nyingine, safari hii pamoja na Dave Elsey, lakini filamu haikukusanya mapato yaliyotarajiwa.

Kinyume chake ni Dog Soldiers ya mwaka 2002, filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Mwingereza Neil Marshall. Hadithi yake inatokea katika milima ya Uskoti, ingawa sehemu kubwa ilipigwa picha nchini Luxembourg. Kikosi kidogo cha wanajeshi kinazingirwa ndani ya nyumba ya shamba usiku kucha. Marshall alitumia waigizaji waliovalishwa mavazi ya mnyama, akawaonyesha kwa vipande vifupi, gizani au nyuma ya moshi, na akaepuka kuonyesha waziwazi mtu akigeuka. Muda uliobaki aliwapa wanajeshi wake: mizaha yao, uchovu wao, na namna wanavyokataa kumwacha sajini wao aliyejeruhiwa.

Somo kwa watengenezaji wa ukanda huu

Mbinu hizo zina maana kwa Afrika Mashariki, ambako filamu za kutisha za kigeni zimetazamwa kwa miaka mingi katika vibanda vya video, zikitafsiriwa papo hapo na wasimulizi. Watazamaji wa vibanda hivyo hawana tatizo na uchache wa vifaa. Filamu ya mapigano ya Uganda Who Killed Captain Alex, iliyotengenezwa na Isaac Nabwana katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala mwaka 2010, ilisemekana kugharimu chini ya dola 200, na imetazamwa na mamilioni ya watu kwenye intaneti. Silaha zake za bandia zinaonekana wazi kuwa za bandia, lakini juhudi ya waigizaji wake haina ubandia.

Mtengenezaji wa ukanda huu anayetaka kusimulia habari za mtu anayegeuka fisi, chui au simba ana hazina kubwa ya masimulizi. Ana pia jukumu ambalo mwenzake wa Ulaya ya leo hana kwa kiwango hicho. Katika jamii ambako wazee, hasa wanawake, bado hushambuliwa kwa tuhuma za uchawi, filamu inayofundisha kwamba mnyama hutambulika kwa alama ya mwilini na hustahili kuuawa inaweza kuongeza petroli kwenye moto uliokwisha kuwaka. Peter Stumpp naye alihukumiwa na watu waliokuwa na hakika kwamba wanazijua alama.

Filamu bora za aina hii zimelikwepa kosa hilo kwa kumfanya muuaji wa mnyama kuwa mtu anayempenda. Katika Ginger Snaps, Brigitte ndiye anayelazimika kuinua kisu dhidi ya dada yake. Katika The Wolf Man, mzee John Talbot anampiga mnyama gizani kwa fimbo yenye kichwa cha fedha hadi anaanguka. Kisha anasimama akitazama, na manyoya yanatoweka polepole kutoka kwenye uso ulio miguuni pake, hadi anapomtambua mwanawe. Picha hiyo ilipatikana kwa kuunganisha taratibu picha kadhaa za mwigizaji aliyelala bila kutikisika, mbinu ambayo hata mwaka 1941 haikuwa ngeni.