Silaha ya Kando ya Kitanda

Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa ambaye sasa anaishi Kitengela na mumewe na watoto watatu, ametuuliza swali ambalo hatukulizoea katika kurasa hizi. Mumewe hufanya kazi ya zamu ya usiku jijini Nairobi. Nyumba yao iko pembezoni, kiwanja cha jirani bado ni nyasi tupu, na wezi wamekwisha kuvunja nyumba mbili za karibu. Kando ya kitanda ameweka mchi wa kinu. Ataka kujua: je, mchi watosha, au anunue panga?

Tulitabasamu kwa ajili ya mchi, kisha tukanyamaza. Mwanamke anayelala peke yake na watoto hana mzaha na mlango wake. Na hapo alipohamia, katika kaunti ya Kajiado, watu wameijua hofu hiyo kabla hata mabati ya nyumba za kupanga hayajafika.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi haina ua upande wa kusini, ili wanyama wapate kupita kwenda nyanda za Kitengela. Simba nao hupita. Mnamo Juni 2012 waliingia maboma, wakaua mifugo, na wenyeji wakawachoma mikuki simba sita. Hatuwalaumu kwa wepesi. Ng'ombe na mbuzi ndio akiba ya nyumba ile, karo na dawa humo humo. Lakini katika ukingo huo huo wa mbuga alikuwako mtoto wa Kimaasai, Richard Turere, aliyekuwa akilinda ng'ombe wa babaye. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi alijaribu moto, akaona unawamulikia simba zizi tu. Akaweka sanamu la kutishia. Usiku wa kwanza simba wakarudi nyuma, wa pili wakatambua kwamba halisogei. Usiku mmoja alipokuwa akizunguka na tochi, simba hawakuja. Akaelewa: wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kisanduku cha indiketa cha pikipiki na balbu za tochi mbovu, akafunga taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka zizi, simba wakadhani mtu yuko macho akizunguka. Mwaka 2013 alisimama California kuwaeleza walimwengu jambo hilo.

Kisa cha pili ni kizito, nasi tunakitaja kwa huzuni. Mnamo Agosti 2021, katika kaunti hiyo hiyo, vijana wanne, wawili kati yao ndugu wa tumbo moja, walikuwa njiani na pikipiki usiku. Wanakijiji wakawadhania wezi wa mifugo, wakawaua wote wanne. Silaha hazikukosekana usiku ule, kila nyumba ilikuwa nazo. Kilichokosekana ni kumtambua mtu kabla ya kumpiga.

Mashekhe wetu wa madhehebu ya Shafii wameliandikia jambo hili mlango mzima, nao umo katika Minhaj ya Imam Nawawi: mlango wa mshambulizi, awe mtu au mnyama. Kanuni yao ni kumzuia kwa lililo jepesi kwanza. Akiweza kuzuiliwa kwa maneno au kwa ukelele wa kuomba msaada, haijuzu kumpiga. Akizuilika kwa mkono, haijuzu fimbo, na kwa fimbo, haijuzu kukata kiungo. Kuua ni daraja ya mwisho kabisa. Na mwenye njia ya kukimbia akaokoka, akimbie. Tena wametofautisha kitu ambacho wengi wetu hukichanganya: kuitetea mali ni ruhusa, si wajibu, kuitetea heshima ya mwanamke ni wajibu. Runinga na iende! Mahakama za Kenya nazo hazisemi mbali na hapo. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu charuhusu kujihami nafsi na mali, lakini nguvu ipimwe kwa hatari iliyopo.

Sasa turudi kwa dada yetu. Panga asinunue. Katika ukumbi mwembamba halina nafasi ya kupungwa, mwenye nguvu kumshinda atamnyang'anya, na mchana litakuwa chini ya kitanda cha nyumba yenye mtoto wa miaka minne. Mchi nao ni mzito kuinua kwa mtu aliyeshtuka usingizini. Bakora ngumu ingemfaa zaidi, ikifikia hapo. Lakini hayo ni ya daraja za juu. Daraja ya chini, ambayo ndiyo inayowafukuza wezi wengi, hajaijenga bado: taa ya nje inayowaka yenyewe mtu akisogea, komeo la chuma upande wa ndani wa chumba anacholala na watoto, filimbi shingoni, simu yenye chaji na namba 999 au 112, na namba za majirani wawili waliokubali kuitika. Filimbi twaisisitiza. Sauti ya mwenye hofu hukauka, pumzi hubaki.

Tulimwuliza swali moja tu kabla ya kumjibu: ni nani afunguaye mlango wake gizani mara nyingi kuliko wote? Alikawia kujibu. Mumewe hurudi saa kumi na moja alfajiri, huvua viatu nje, huingia kwa kunyata asiwaamshe watoto. Miezi mitatu sasa amekuwa akinyata kuelekea mchi.

Wamekubaliana tangu juma lililopita. Hupiga simu akiwa langoni, hutoa salamu kwa sauti mara tatu, na hatii ufunguo mpaka aitikiwe.