Nyanya ni beri, stroberi si beri: mimea yasema nini?

Wataalamu wa mimea huita beri tunda laini linalotokana na ovari moja ya ua, lisilo na kokwa gumu ndani. Kwa kipimo hicho nyanya, ndizi na zabibu ni beri. Embe, lenye kokwa, silo. Stroberi nayo haimo: sehemu inayoliwa ni kitako cha ua kilichonenepa, na punje zilizo juu yake, zinazodhaniwa kuwa mbegu, ndizo matunda yenyewe.

Jina huweza kugharimu fedha. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1883 ilitoza ushuru mboga kutoka nje na kuyasamehe matunda. Waagizaji wa nyanya walidai kurudishiwa fedha zao. Mwaka 1893 Mahakama ya Juu iliwakatalia: kwa mtaalamu nyanya ni tunda, lakini sokoni na mezani ni mboga.