Hatari Yetu Yatoka Juu

Mkazi wa Ngokolo, mjini Shinyanga, husikia habari za matetemeko kama habari za watu wa mbali. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitikisika mkoani Kagera kwa kipimo cha 5.9, ikaua watu wasiopungua 17. Nyumba zilizoanguka zilikuwa za Bukoba, si zetu. Sababu yake imejulikana kwa vyombo vya kusikiliza ardhi, nasi twaona ni haki ya kila mfanyakazi kuielewa, maana ndani yake mna onyo.

Tetemeko kubwa litokeapo, hata ng'ambo ya bahari, hupeleka mawimbi ndani ya dunia. Mawimbi hayo hupita upesi katika mwamba mgumu uliopoa, na hukawia katika mwamba wenye joto. Wataalamu wakitandaza vyombo vya kupimia mtetemo nchi nzima, na kulinganisha saa ambayo wimbi limefika katika kila kituo, huweza kuchora sura ya chini kama daktari aonavyo mifupa bila kupasua mwili.

Kazi hiyo ilifanywa Tanzania mwaka 1994 na 1995 kwa vituo 20 vya muda. Ikaonekana kwamba chini ya nyanda zetu upo mwamba wa kale sana, wenye mzizi ushukao kilomita 170 au zaidi, na kwamba kando yake, chini ya Bonde la Ufa, mna joto jingi. Mizizi ya namna hiyo ndiyo ghala ya almasi. Volkano za kale huzipandisha juu, na kwa njia hiyo zikafika Mwadui, alikozigundua John Williamson mwaka 1940. Hatusemi kwamba Shinyanga haiwezi kutikisika kamwe. Twasema kwamba imekalia jiwe imara kuliko majirani zake wa bondeni.

Chini basi kumetulia. Je, juu? Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe ilipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, ikaua watu wasiopungua 38. Januari 2024, wakati wa mvua kubwa, udongo uliporomoka katika machimbo ya Ng'alita, wilayani Bariadi, ukafukia wachimbaji 22. Misiba hii haikuletwa na tetemeko. Ililetwa na maji yaliyotoka mawinguni.

Na hapa ndipo penye jambo zito. Hakuna mtaalamu duniani awezaye kutaja siku na saa ya tetemeko lijalo. Dhoruba, kinyume chake, yaweza kuonekana kabla haijafika. Rada ya hali ya hewa iliyoko Mwanza hutuma mawimbi ya redio angani. Yakigonga matone au mawe ya mvua, hurudi kama mwangwi, na mwangwi huo hueleza mvua iko wapi, ni nzito kiasi gani, na inaelekea upande upi. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo hutoa utabiri na tahadhari kila siku.

Lakini tahadhari ibakiayo ofisini haimwokoi mtu aliye shimoni. Yatupasa tuulize: katika machimbo yetu madogo, kutoka Kishapu hadi Geita, ni nani asikilizaye utabiri kabla ya kuteremsha vijana asubuhi? Ni nani akaguaye kuta za shimo baada ya mvua ya usiku? Mwenye shimo aonaye siku moja ya kungoja kuwa ni hasara, na ahesabu pia gharama ya majeneza.

Hatuna budi kudai mambo matatu. Kwanza, tahadhari ifike kila kijiji na kila chimbo kwa maneno mepesi, kwa redio, kwa simu na kwa kipaza sauti. Pili, shimo lililonyeshewa lisiingiwe mpaka limekaguliwa. Tatu, anayejenga kwa tofali la udongo asaidiwe kupata msingi wa mawe na paa lililofungwa barabara.

Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Leo tunazo dalili nyingi kuliko walizokuwa nazo wao. Yule azionaye na kunyamaza, huku wenzake wakishuka shimoni, hana haki ya kuyaita yatakayotokea kudura ya Mungu.