DRILI YA BETRI: HESABUNI KWANZA, NUNUENI BAADAYE

Vikundi vya useremala hutuuliza: tununue drili ya betri ya aina gani? Swali ni zuri, maana pesa zenyewe ni michango ya kila wiki, na mkikosea hazirudi.

Hapa Shella kutoboa mbao si jambo geni. Mafundi wa majahazi tangu zamani walitumia keekee, ile inayozungushwa kwa uta. Drili ya betri ni keekee hiyohiyo, ila nguvu zatoka kwenye betri badala ya mkono, nayo hukaza na kufungua skrubu pia. Stima ikipotea kazi haisimami, na ukipanda juu ya paa huburuti waya.

1. Kazi yenu ni ipi?

Kwa kazi ya nyumbani, kama kufunga bawaba, kitasa au rafu, volti 12 zatosha, na drili yake ni nyepesi. Fundi wa milango na vitanda, anayetoboa mbambakofi au mkilifi kutwa nzima, achukue ya volti 18. Ukuta wa mawe ya matumbawe ni laini kiasi, lakini tofali za simiti zataka drili inayogonga huku inazunguka. Itazameni alama ya nyundo. Zege la lenta na nguzo ni kazi ya drili kubwa ya waya. Na kama mnatoboa matundu machache tu kwa mwezi, azimeni. Si lazima kununua.

2. Msidanganyike na namba

Mtaona moja imeandikwa volti 18 na nyingine 20. Msiongeze pesa kwa sababu hiyo. Kwa kawaida zote mbili zina seli 5 ndani. Seli ikihesabiwa kwa wastani ni volti 3.6, mara 5 ni 18. Ikiwa imejaa pomoni inafika volti 4 hivi, mara 5 ni 20. Ni mtu mmoja mwenye majina mawili!

Tazameni ampea-saa (Ah). Betri ya 4 hufanya kazi kama mara mbili ya betri ya 2 kabla ya kurudi kwenye chaja, ingawa ni nzito zaidi. Pia kuna mota zisizo na kaboni. Bei yake iko juu, lakini hakuna kaboni za kubadilisha, na chaji haiishi haraka.

3. Betri ndiyo mali

Betri huchoka kabla ya drili, na ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye drili ya kampuni nyingine. Basi kabla ya kulipa, mwulizeni muuzaji: betri peke yake ni pesa ngapi, na mwaka ujao tutaipata Malindi au Mombasa? Akianza kuzungukazunguka, shikeni njia. Drili rahisi isiyo na betri dukani mwisho wake ni chuma chakavu.

Jamaa akiwaletea kutoka Marekani, someni chaja kwanza. Stima ya kule ni volti 120, yetu ni 240. Kama chaja imeandikwa 100–240, hamna neno. Ikiwa imeandikwa 120 pekee, msiichomeke hivihivi, itaungua.

4. Itunzeni

Betri haipendi jua. Msiiache juu ya bati, wala msiichaji ikiwa bado moto. Msiiweke kabatini miezi mingi ikiwa tupu. Upepo wetu wa bahari una chumvi, kwa hiyo jioni futeni drili kwa kitambaa kikavu, na biti zipakeni mafuta kidogo.

5. Ikiwa ni ya kikundi

Mtu mmoja aitunze, na kila anayeichukua aandikwe daftarini. Kila kazi ya kulipwa itoe kiasi kidogo kwa mweka hazina, kiitwe akiba ya betri. Bila hiyo, siku betri ikifa lawama zitaanza, na tumeona vikundi vikivunjika kwa mambo madogo kuliko haya.

Katika Luka 14, Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, na hekima ya kupiga hesabu kabla ya kuanza. Nasi twasema: leteni daftari mkutanoni, pigeni hesabu pamoja, kisha ndipo mwende dukani.