Twisheni, Kambi au Mwalimu wa Nyumbani? Hesabu ya Mzazi wa Kidato cha Sita

Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, na wazazi wengi wakashusha pumzi. Lakini mtihani wa Mei ukishaanza kunukia, bili nyingine hubisha hodi: twisheni ya jioni, kambi ya Desemba, mwalimu wa nyumbani, madesa ya kutoa kopi, bando la intaneti. Kijana anavitaka vyote. Mfuko unakubali kimoja, pengine viwili.

Tumezipima njia hizo kwa kigezo kimoja. Hatukuangalia ukubwa wa bango la kituo wala wingi wa saa kwenye ratiba yake. Tumeuliza: kwa pesa hii, ni karatasi ngapi za mtoto zitakazosomwa na mwalimu anayelijua somo, zikarudi zina alama na maelezo ya makosa? Mwanafunzi wa advansi amekaa darasani karibu miaka miwili akisikiliza. Cha kusikiliza hakikosi. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha alama zake zinapopotelea.

Bei za Mbagala si za Mbeya, kwa hiyo kila palipoandikwa "tuseme", ujue ni bei ya mfano. Weka ya mtaani kwako, hesabu itabaki ileile.

Anza na matokeo ya moku

Kosa linalokula pesa nyingi ni kulipia twisheni ya masomo yote matatu ya kombi kwa sababu tu kituo kinauza "pakeji". Kabla ya kutoa shilingi, chukua matokeo ya mtihani wa utamilifu, yaani moku, au ya muhula uliopita, ukae na kijana wako muyasome.

Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, hutoa A kuanzia alama 80, B kuanzia 70, C 60, D 50, E 40 na S 35. Chini ya hapo ni F. A ina pointi 1, B 2, mpaka F yenye 7, na daraja hupatikana kwa kujumlisha masomo matatu ya kombi: pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne.

Mchukue binti wa PCB aliyepata C ya Biolojia, D ya Fizikia na S ya Kemia. Ana pointi 13, daraja la tatu. Akipandisha Biolojia mpaka A, anapata 11, daraja la pili. Akiiacha Biolojia ilipo na kuitoa Kemia S mpaka D, anapata 11 zilezile. Kwenye cheti madaraja yanalingana, ila mlango wa chuo ni mwingine kabisa. S haihesabiwi kuwa prinsipo, yaani ufaulu kamili wa somo, na kozi ya udaktari inadai prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Biolojia. Hata kigezo cha jumla cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4 au zaidi, na huko hesabu imegeuzwa: A ni 5, E ni 1.

Kwa hiyo pesa ya binti huyu inakwenda Kemia. Biolojia ataisukuma mwenyewe na wenzake.

Vya bure, ambavyo wengi huviruka

Kwenye tovuti ya NECTA kuna mitihani ya miaka iliyopita, kuna miundo ya mitihani inayoeleza kila karatasi ina sehemu ngapi na maswali mangapi, na kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Hizo za mwisho ndizo zenye thamani kuliko desa lolote linalouzwa. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na hazilipiwi.

Fungua ya Fizikia uone zilivyopangwa. Kila swali linaelezwa lilikuwa linapima nini, watahiniwa walilijibu vipi, na wengi waliangukia wapi. Kisha inawekwa picha ya jibu halisi kwa mwandiko wa mtahiniwa, zuri na baya. Mwambie kijana aweke karatasi yake ya moku pembeni alinganishe. Kwenye vitendo ataona vitu ambavyo mwalimu huvisema kila siku na havisikiki: jedwali lenye vipimo vya desimali moja juu na mbili chini, mhimili wa grafu usio na kizio, skeli iliyobana nukta zote kwenye kona, grafu isiyo na kichwa. Hapo hakuna fizikia ngumu. Ni alama zinazoachwa mezani na mtu anayelijua somo.

Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, nayo ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure. Shule za bweni hazimruhusu mwanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo hii ni kazi ya likizo, au ya mzazi kupakua, kutoa kopi na kupeleka siku ya kutembelea. Tuseme mitihani ya miaka 10 ya somo lenye karatasi 2, kurasa 5 kila karatasi, kopi shilingi 100: ni 10,000 kwa somo zima.

Usisahau pindi za wenyewe kwa wenyewe. Kundi la wanne au watano, kila mmoja akibeba topiki anayoimudu na kuwafundisha wengine ubaoni, halina gharama na linafanya kazi nzuri kwa Hisabati na Fizikia. Udhaifu wake ni insha. Wanafunzi wanne wa HGL wanaweza kusifiana insha ya Historia ambayo msahihishaji angeipa nusu ya alama, kwa kuwa wote wanne wana kasoro ileile.

Twisheni ya darasa

Ndiyo njia maarufu, na kwa saa ndiyo rahisi. Tuseme somo moja ni 20,000 kwa mwezi, vipindi 3 kwa wiki vya saa 2. Ni saa 24, yaani kama shilingi 830 kwa saa. Mwalimu mzuri anaweza kukufungulia topiki iliyokuwa imefungwa tangu kidato cha tano.

Lakini nenda ukachungulie. Bati juu, mabenchi yamebanana, vijana 80, waliochelewa wanaandika wakiwa wamesimama dirishani. Mwalimu anakokotoa swali ubaoni kwa kasi, anauliza "tupo pamoja?", darasa zima linaitikia "ndiyoo", chaki inaendelea. Nani atasahihisha karatasi 80? Vituo vingi hutoa jaribio moja kwa mwezi, vingine havitoi kabisa. Ukigawa 20,000 kwa karatasi moja iliyosahihishwa, hiyo karatasi umeinunua kwa 20,000.

Inamfaa nani? Mwanafunzi ambaye shule yake haina mwalimu wa somo hilo, au aliyekosa topiki nzima. Lipia mwezi wa topiki hizo, kisha toka. Asiyefaidika ni yule anayeelewa darasani ila anaanguka kwenye karatasi.

Mwalimu wa nyumbani, peke yako au kwa kuchangia

Tuseme mwalimu anatoza 10,000 kwa saa, saa 2 kwa wiki. Mwezi ni 80,000 kwa somo moja, na wazazi wengi huishia hapo wakasema ni anasa. Mkikubaliana kwamba kila wiki anasahihisha maswali mawili marefu ya kijana, mwezi unatoa karatasi 8 kwa 10,000 kila moja. Ni nusu ya bei ya ile ya twisheni.

Wakichangia vijana wanne wa mtaa mmoja, mambo yanabadilika zaidi. Tuseme mwalimu anapandisha mpaka 100,000 kwa ajili ya mzigo wa kusahihisha, na kila kijana anapata karatasi moja kwa wiki. Kila mzazi anatoa 25,000, anapata karatasi 4: shilingi 6,250 kila moja. Umeongeza 5,000 tu juu ya bei ya darasa la watu 80.

Masharti mawili. Kwanza, wanne hao wawe wa somo moja na kiwango kinachokaribiana, la sivyo mwalimu atamfundisha mmoja na watatu watamsindikiza. Pili, mwalimu awe anafundisha kidato cha tano na cha sita sasa hivi, au amewahi kusahihisha mitihani ya Taifa. Kijana aliyemaliza chuo mwaka jana anaweza kuwa na nondo kichwani na bado asijue alama hugawanywaje.

Kambi ya likizo

Tuseme 150,000 kwa mwezi, chakula na malazi ndani. Ukiitoa gharama ya chakula ambacho kijana angekula nyumbani, inaweza isiwe ghali. Nguvu yake ni ratiba: hakuna shamba, hakuna duka la kukaa, hakuna wadogo wa kulea. Kwa binti ambaye likizo humgeuza mpishi wa nyumba nzima, kambi inaweza kuwa ndiyo mara pekee anapopata saa nane za msuli kwa siku.

Hatari zake nazo si ndogo. Uliza anayelala na wanafunzi ni nani, mabweni ya wasichana yanafungwaje, mgonjwa anapelekwa wapi, na mwenye kambi anaruhusiwa na nani kulaza watoto wa watu. Kambi isiyo na majibu ya haraka kwa maswali hayo haifai hata ikiwa bure. Kwa wa sayansi ongeza moja: kuna maabara? Fizikia, Kemia na Biolojia kila moja ina karatasi ya tatu, ya vitendo. Kambi ya mwezi mzima isiyogusa bureti inauza kipande cha somo kwa bei ya somo zima.

Vitabu, madesa na bando

Kitabu kizuri cha mtumba hushinda rundo la madesa. Nelkon ya Fizikia na Backhouse ya Hisabati zimepita mikononi mwa vizazi na bado zinafundisha. Ila mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umebadilisha mihtasari na kuleta tahasusi mpya, kwa hiyo kabla ya kununua kitabu au rundo la pasti pepa, muulize mwalimu wa somo kidato chenu kinafuata muhtasari upi. Muuza vitabu hatakwambia.

Desa linalouzwa kwa jina la "maswali yatakayotoka" liache. Kuotea maswali ni kamari, na anayedai ana karatasi yenyewe ni tapeli. Akiwa si tapeli ni mbaya zaidi, maana udanganyifu hufuta matokeo.

Video za bure, zikiwamo za Khan Academy, zinasaidia sana kwenye kalkulasi na kemia ya kaboni. Video ya ubora wa 360 hula kama MB 300 kwa saa, hivyo pakua penye Wi-Fi ya bure ukiipata. Programu za akili unde zinaeleza dhana vizuri na zinajibu saa saba usiku, ila hukosea hesabu kwa kujiamini na hazina mwongozo wa kusahihisha wa NECTA. Zitumie kuuliza maswali. Alama zake usizitegemee.

Ulinganisho kwa ufupi

- Bure hadi 10,000 kwa somo: ripoti na mitihani ya NECTA, maktaba ya TET, kundi la pindi, na mwalimu wa shule aliyeombwa kwa heshima asahihishe swali moja kwa wiki. Humfaa mwenye C kwenda juu.
- Karibu 20,000 kwa mwezi: twisheni ya darasa, kwa topiki zilizokosekana tu.
- Karibu 25,000 kwa mwezi: mwalimu wa kuchangia wanne. Kwa somo lililo kwenye S au E, hakuna kinacholingana nayo.
- 80,000 kwa mwezi: mwalimu wa peke yako. Ni ya miezi miwili ya lala salama, somo moja, kwa asiyepata wa kuchangia naye.
- 150,000 kwa mwezi: kambi ya likizo, kwa ambaye nyumbani hapasomeki, na penye maabara kwa wa sayansi.

Na anayerisiti?

Mtahiniwa wa kujitegemea hana moku ya shule wala mwalimu wa kumwomba fadhila, kwa hiyo kwake masahihisho si nyongeza, ndiyo shule yenyewe. Ajisajili mapema, maana anayechelewa hulipa faini, na wa sayansi ahakikishe atafanyia vitendo wapi kabla ya kulipia kituo chochote. Apige pia hesabu ya njia za pembeni: stashahada, au programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Aliyekwama kwa somo moja mara nyingi hufaidika kurisiti. Aliyekwama kwa yote matatu apige simu vyuoni kwanza.

Kabla ya kulipa

Uliza mambo matatu: nani anafundisha somo hili na anafundisha wapi mchana, darasa lina watu wangapi, na kazi za wanafunzi zinasahihishwa kila baada ya muda gani. Omba risiti, na lipa mwezi kwa mwezi, si muhula mzima. Kisha omba uonyeshwe karatasi ya mwanafunzi wa mwezi uliopita, jina likiwa limefunikwa. Ukiona alama kando ya kila hatua na neno la kueleza kwa nini nyingine imekatwa, lipa. Ukiona vema moja kubwa jekundu chini ya ukurasa, au ukiambiwa karatasi ziko nyumbani kwa mwalimu, aga kwa upole utafute wazazi watatu wa kuchangia nao.